Kilomita Elfu Tisa na Mia Moja

4 Februari

Kwako mwanangu,

Salamu zangu ni nyingi, pumzi ndiyo chache, kwa hiyo uniwie radhi ukiona barua imekatika katikati na kuanza tena kwa wino mwingine. Natumaini u mzima na baridi ya huko haikuonei unaposhuka chini. Sisi hapa tupo. Shangazi yako anakusalimu. Goti lake limepona. Ulimi wake haujapata kuugua hata siku moja.

Mimi moyo wangu umekuwa mkubwa. Muuguzi anayekuja Jumanne na Ijumaa ndiye aliyeniambia, kwa kuniandikia kwenye daftari, maana tangu masikio yangu yastaafu ndivyo tunavyozungumza: yeye anaandika, mimi nasema. Aliandika, "Mzee, moyo wako umetanuka." Nikamwambia wako watu wangefurahi kusikia hivyo, miaka yote wakinijua kwa moyo mdogo. Hakucheka. Akaandika chini yake, "Daktari anasema tuhesabu miezi, tusihesabu miaka."

Sikuandikii kukutia hofu. Najua kazi yako haitaki mawazo mengine kichwani, na watu mia tatu wamekaa nyuma yako. Nakuandikia kwa sababu ya kibao.

Wiki iliyopita walikuja wanafunzi wangu wa zamani watano, wamevaa suti. Mwenyekiti wao ni Daktari wa Meno. Utamkumbuka, ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye shindano la mwaka wako wa darasa la saba. Shule inajengewa chumba kipya cha jiografia, nao wamekubaliana kukiita Chumba cha Mwalimu Uzi. Kibao kimeshaagizwa. Kitafunuliwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, nikiwepo au nisipokuwepo, ingawa hilo la pili walilisema kwa adabu. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Walipoondoka nikaanza kutafuta kalamu.

Hujawahi kuniuliza kwa nini naitwa Mwalimu Uzi. Nadhani ulidhani ni kwa sababu mama yako alikuwa fundi cherehani. Jina lilishika wewe ukiwa umeshaondoka nyumbani, nami nilishukuru kwamba ulikuwa mbali. Sasa nitakueleza. Kaa chini kwanza.

Swali la ishirini la shindano lile nililitunga mimi, nikawapa siku tatu za kulitafutia jibu. "Taja umbali wa safari ya ndege kati ya miji hii miwili, na ueleze ndege itapita wapi." Miji yote miwili iko kaskazini kabisa, mmoja upande huu wa dunia na mwingine upande ule. Niliichagua kwa sababu kwenye ramani ya ukutani ilikuwa mbali sana, na nilitaka watoto wahangaike na rula ndefu. Nilipima mwenyewe, kwa rula ya mbao ya mita moja, juu ya ramani ile iliyobanduka kona ya chini. Nikapata kilomita elfu kumi na sita na mia sita. Nikaandika hivyo kwenye karatasi ya majibu.

Wewe uliandika elfu tisa na mia moja. Na chini yake, kwa mwandiko wako uliosimama wima kama askari: "Ndege itapita juu ya barafu, karibu na ncha ya dunia."

Tulikuwa tukisahihisha mbele ya wazazi, kwa imani ya mwalimu mkuu kwamba macho mengi huzuia upendeleo. Ulikuwa umepata maswali kumi na tisa bila kukosa. Nilikuwa nimeanza kutokwa jasho, maana niliyasoma macho ya wazazi: huyu kapewa majibu nyumbani. Basi nilipofika la ishirini nikakuta umekosa, nilifurahi. Lisome tena neno hilo, mwanangu, sikuliandika kwa bahati mbaya. Nikasoma jibu lako kwa sauti, nikasema, "Ndege ya huyu binti yangu haibebi abiria. Imekwenda kuchukua barafu ya kupozea soda."

Ukumbi mzima ulicheka. Ukasimama ukasema, "Baba, nimepima kwa uzi." Nikakwambia, "Hapa hakuna baba, hapa kuna mwalimu." Ukasema, "Mwalimu, nimepima kwa uzi." Wakacheka zaidi. Nikakuandikisha mara hamsini: Njia fupi kuliko zote ni mstari ulionyooka kwenye ramani.

Daktari wa Meno alikushinda kwa swali hilo moja, akapata ile nafasi moja ya shule kubwa ya bweni. Wewe ulikwenda kwa mama yako mdogo, ukasoma sekondari ya kutwa. Jina la Barafu, walilokubandika ukumbini, lilikufuata mpaka siku uliyopanda basi.

Hayo unayajua. Usiyoyajua ni haya.

Jumatatu iliyofuata niliingia ofisini kabla ya kengele. Tufe la dunia lilikuwa ndani ya kabati la mwalimu mkuu, lile ulilokuwa ukipangusa vumbi siku za zamu yako. Nilikuta uzi mwekundu wa mama yako umefungwa kwenye mguu wake. Niliubana kwa vidole juu ya mji wa kwanza na juu ya mji wa pili, nikauvuta ukazane. Haukutaka kulala pale nilipoulaza. Uliteleza wenyewe ukapanda, ukapita juu kwenye rangi nyeupe. Nikaupima kwenye ikweta. Uliingia mara nne na kipande kisichofika nusu. Nikagawa arobaini elfu, kilomita za mzunguko wa dunia. Nilipata jibu lako.

Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu mpaka kengele ikalia. Wakati huo bado nilikuwa naisikia.

Mimi nilisomea historia. Jiografia nilipewa mwalimu wake alipohamishwa, nami sikusema kwamba siijui. Ramani bapa ndiyo dunia niliyokuwa nayo. Kutojua si dhambi, ningeweza kukuita siku ile ile na kusema mbele ya gwaride kwamba mwalimu amekosea. Sikusema. Ningekuwa nimenyamaza tu, leo ningekuwa na deni moja. Lakini mwaka uliofuata nilipeleka uzi darasani. Nikawaambia watoto, "Leo nitawaonyesha jambo ambalo halimo kitabuni." Mkaguzi alikuwa amekaa nyuma. Alisimama kwenye kiti chake ili aone. Mwishoni akaniuliza njia hii nimeipata wapi, nami nikamjibu, "Ni yangu." Kutoka hapo semina za walimu, cheti, jina. Cheti kinaning'inia mbele yangu ninapoandika. Fremu yake nzuri.

Nilichukua uzi wako nikautembelea. Wewe nikakufanya uende kwa rula. Sekondari ya kutwa, miaka sita chini ya matumbo ya ndege na grisi mpaka kwenye viwiko, halafu ndipo urubani, una miaka thelathini na minne, darasani na watoto waliokuita mama. Ulifika. Kila anayeniuliza habari zako namwambia, "Binti yangu ni kapteni, ana mistari minne begani," natanua kifua ambacho sasa kimetanuka chenyewe. Nilikuwa najivunia mtu niliyemwibia.

Nisamehe, kama inawezekana.

Baba yako


11 Machi

Kwako mwanangu,

Habari za siku nyingi, nyingi kuliko kawaida. Natumaini ni posta iliyochelewa na wewe huna neno. Mimi ni yule yule, isipokuwa sasa nalala nimeketi, kama abiria wa daraja la chini.

Kuna jambo nililiacha. Jumatatu ile niliporudi nyumbani mama yako alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua macho. Akasema, "Uzi wangu uko wapi?" Nikautoa mfukoni. Akaupima kwa macho, akanipima na mimi, akasema, "Mwambie mtoto." Nikasema kesho. Aliniuliza tena mwaka uliofuata, na wakati ulipofaulu kidato cha nne, na siku tuliyopata picha yako ya kwanza umevaa sare. Mara ya mwisho aliniuliza akiwa hospitali, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie mdomo wake. Nikasema kesho. Ni miaka kumi na moja sasa.

Uzi aliuhifadhi kwenye droo ya cherehani, ndani ya kopo la vifungo. Nakutumia. Una urefu wa shubiri moja. Ukiutazama vizuri ncha ya pili imechanika, kwa sababu uliukata kwa meno.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri na dawa unameza bila kumsumbua Shangazi. Mimi ni mzima. Barua zako zimenifikia zote mbili, ya kwanza siku ya kumi na tatu. Posta haina kosa. Niliyechelewa ni mimi.

Niliisoma ya kwanza kwenye chumba cha hoteli, nikiwa nimeshapiga pasi shati la safari ya kesho. Nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa begi, nikarusha ndege wiki tano bila kuitoa. Najua namna ya kuweka jambo pembeni. Nimefundishwa, na kabla ya hapo nimezaliwa nalo. Sihitaji kukuambia nimelirithi kwa nani.

Sasa sikiliza upande wangu. Nilikuamini, Baba. Niliandika ile sentensi mara hamsini, na ilipofika mara ya thelathini nikawa nimeiamini. Nilijiambia uzi ulinyooka vibaya, vidole vyangu vilikuwa vidogo. Niliishi na kosa ambalo sikulifanya kwa miaka minane, mpaka kwenye chuo cha ufundi, mkufunzi alipotundika ramani ya njia za ndege, na njia zote zimepinda kama mbavu. Nilicheka mpaka akanitoa nje. Nilisimama kwenye korido nikasema, kumbe Baba hakujua. Na pale pale nikakusamehe. Ilikuwa rahisi. Mtu halaumiwi kwa asichokijua, na wewe ulikuwa mwalimu wa shule yenye tufe moja lililofungiwa kabatini.

Msamaha ule nimeubeba miaka thelathini. Leo unaniambia ulijua tangu Jumatatu. Kwa hiyo nilimsamehe mtu ambaye hakuwepo.

Hilo la mkaguzi na cheti wala halikunichoma sana. Kinachonichoma ni Jumatatu. Jumatatu ile nilikuwa nimekaa nyuma ya choo cha wasichana ili nisiitwe Barafu, na wewe ulikuwa ofisini, hatua themanini kutoka nilipokuwa, umeshika uzi.

Unaomba nikusamehe kwa barua. Sitafanya hivyo. Hukunicheka kwa barua. Ulinicheka ukumbini, wazazi wamejaa mpaka madirishani, na mwenyekiti wa kamati yako alikuwepo, kakaa mstari wa mbele na soksi zake nyeupe. Kibao kitafunuliwa mbele ya watu. Sema mbele ya watu.

Usidhani naandika nikilia. Nina kiburi chako chote, na ndicho kilichonifikisha. Kwenye njia ya swali la ishirini nimerusha ndege mara sitini na moja. Kila mara nikifika juu kabisa, pale weupe unapojaza kioo, najisemea: hapa.

Uzi umefika salama.

Binti yako


12 Aprili

Kwako mwanangu,

Marahaba. Hali yangu ni ya kushukuru kuamka. Shangazi yako anakusalimu, na muuguzi naye, ingawa hakujui; anasema mwandiko wako ni wa mtu asiyependa mchezo.

Nimeisoma barua yako asubuhi tatu mfululizo. Kila neno lina haki yake. Lakini nisikilize na mimi. Nina miaka themanini na mmoja. Meno yamekwenda, masikio yamekwenda, mama yako ametangulia, miguu iko hapa kwa jina tu. Kitu pekee ambacho bado kinasimama ni lile jina. Watoto wanaopita hapa nje wanapunga mkono, naona midomo yao: Mwalimu Uzi. Nikilivua mbele ya watu nitabaki na nini, pijama?

Nimewaza hivi. Nitamwita Daktari wa Meno hapa chumbani, nimweleze yeye peke yake. Au nitaandika, na Shangazi yako atawasomea siku ya maziko yangu, watu wote wakiwepo. Hapo utakuwa umepata ukumbi wako na mimi nitakuwa nimepata usingizi.

Nilimwambia Shangazi mpango huo. Alichukua daftari la muuguzi akaandika kwa herufi kubwa, kama anayeandikia kipofu: "MIMI SIKUOLEWA NIBEBE MAJIVUNO YA MUME, NITABEBA YA KAKA? MZIGO WAKO TUA MWENYEWE."

Wewe unasemaje?

Baba yako


21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Meza dawa.

Kuhusu ombi lako, hapana.

Umeuliza utabaki na nini. Utabaki na mimi.

Binti yako


4 Mei

Kwako mwanangu,

Salamu za leo zitakuwa fupi, ili mkono utoshe kwa yaliyobaki. Natumaini u mzima. Naandika kidogo napumzika, naandika kidogo.

Jana nilikwenda. Zahanati iliazima kiti cha magurudumu, muuguzi akakisukuma mwenyewe, na njia nzima alikuwa akinigombeza kwa nyuma, nadhani, maana kiti kilikuwa kikitikisika. Nilivaa suti ya harusi yako. Imenizidi sana siku hizi.

Chumba ni kizuri, mwanangu. Madirisha manne. Matufe sita, kila meza na lake, hakuna kabati. Kibao kilikuwa juu ya mlango kimefunikwa kitambaa, na mchora vibao alikuwa bado kwenye ngazi akifuta matone ya rangi. Watu walikuwa wengi kuliko siku ile ya shindano. Walisimama hata kwenye maua.

Daktari wa Meno akafunua. CHUMBA CHA MWALIMU UZI. Herufi nene, za bluu. Nikawaona wanapiga makofi. Kisha akaniinamia akanipa kipaza sauti.

Kusema mbele ya watu ukiwa kiziwi ni kitu cha ajabu. Hujui kama unapiga kelele au unanong'ona. Unarusha maneno kisimani na husikii maji. Niliwaambia yote. Ramani, rula, elfu kumi na sita na mia sita. Utani wa soda. Jumatatu, uzi kwenye mguu wa tufe. Nikamtaja mkaguzi, nikalitaja neno langu "ni yangu". Nikasema, "Aliyepima ni mtoto wa darasa la saba. Mliokuwepo mlimcheka kwa sababu mimi niliwachekesha. Nilijua ukweli siku mbili baadaye nikauweka mfukoni miaka thelathini na minane." Nikasema mtoto huyo ni binti yangu, na leo ni kapteni wa ndege inayopita njia ile ile aliyoandika. Halafu nikakishusha kipaza sauti.

Nilitazama nyuso. Hakuna mdomo uliokuwa ukienda. Nikamgeukia muuguzi. "Wanasemaje?"

Akaandika: "Hakuna anayesema."

Baadaye akaandika: "Mama mmoja kule nyuma amesema: kumbe."

Kisha Daktari wa Meno akasimama. Alisema kwa muda mrefu, ameshika miwani mkononi. Muuguzi aliandika kwa kifupi, nami nakunukulia kutoka daftarini: "Anasema yeye aliandika elfu kumi na sita. Anasema alicheka siku ile kuliko wote. Anasema nafasi ya shule ya bweni ndiyo iliyompa udaktari, na tangu sasa hivi hajui aishukuru kwa nani. Anasema kibao kishushwe."

Nikasema, "Kisishushwe. Kiache kinishuhudie. Chini yake aandikwe mwenye uzi."

Mchora vibao akapanda tena ngazi, akapima kwa kiganja, akatikisa kichwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo, jina lako lote na cheo lisingeingia. Watu wakaanza kubishana; niliona vidole vinakwenda hewani kila upande. Muuguzi: "Wanataka kukipaka upya chote. Mchoraji anasema rangi ya bluu imekwisha, anayo nyekundu tu." Nikamwambia nyekundu inafaa. Nikampa maneno. Aliandika watu wote wakimtazama mkono, herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza:

UZI NI WA BARAFU

Aliposhuka, wote waliokaa wakasimama. Muuguzi akaandika, "Wanapiga makofi."

Nikasema, "Naona."

Akaandika, "Si kwako."

Mwanangu, nimepewa makofi mengi maishani na nikayapokea yote. Haya hayakuwa yangu, na ndiyo pekee niliyoyasikia. Usiniulize kwa masikio gani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kuazima, suti imenimeza, jina limechujuka, na nilijiona mrefu kuliko mlango. Baba yake Barafu. Watu walipokuja kunishika mkono hivyo ndivyo walivyoniita, niliwasoma midomoni.

Bado jambo moja, ambalo mpaka jana sikuwa na haki ya kuliandika. Nimemwomba Shangazi yako kalamu nyekundu.

Swali la ishirini: umepata. Jumla: ishirini kati ya ishirini. Nafasi: ya kwanza. Maoni ya mwalimu: mwalimu alikosea.

Baba yako, aliyekuwa mwalimu wako


17 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua bila kupigania. Mimi ni mzima, na leo nina habari.

Barua yako ilinikuta nikitoka nyumbani kwenda uwanjani, begi begani. Niliisoma nimesimama kwenye korido, nikachelewesha gari la wafanyakazi kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Dereva akaniuliza, "Kapteni, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, nimepata matokeo ya darasa la saba.

Safari yenyewe ilikuwa ile. Ya sitini na mbili. Karatasi yako niliitia kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kalamu. Tulipofika juu kabisa anga lilikuwa wazi, na chini barafu imetandikwa mpaka mwisho wa macho. Nikawasha kipaza sauti nikasema: "Mabibi na mabwana, upande wa kulia na wa kushoto mnaona barafu. Safari yetu ya leo ni kilomita elfu tisa na sitini. Kuna mtoto wa darasa la saba aliipima kwa uzi wa cherehani akapata elfu tisa na mia moja. Alikosea kwa arobaini." Nikazima. Rubani msaidizi wangu ni mtu wa maneno machache, lakini alinigeukia. "Huyo mtoto ni nani?"

Nikamwambia, "Ni mtoto wa Mwalimu Uzi."

Jina hilo utalibakiza, Baba. Zamani ulijitwalia, sasa nakupa mwenyewe. Kama usingeuiba ule uzi, sijui ni watoto wangapi kule kwetu wasingejifunza kwamba dunia ni mviringo. Kuiba uliiba. Lakini pia ulifundisha, na ulifundisha vizuri. Na jana angani nilijaribu kukukasirikia tangu mawingu ya kwanza mpaka kutua, nikashindwa. Niliona fahari tu. Mtu wa miaka themanini na mmoja, kwenye kiti cha kuazima, hasikii hata sauti yake mwenyewe, na bado akasema mpaka mwisho. Wenzangu wanasema ninapotua penye upepo mbaya mkono wangu hautetemeki. Sasa najua umetoka wapi.

Nimekusamehe. Safari hii namsamehe mtu aliyepo.

Shangazi ameniandikia kwamba kalamu imeanza kukushinda, na kwamba ile barua yenye wino mwekundu ilikuchukua siku nzima. Basi iweke chini. Usinijibu. Jibu lako na mimi tutapishana angani, na mwenye haraka ni mimi. Nimeomba likizo, wamenipa. Nitapanda kama abiria, kiti cha dirishani, ndege akiirusha mtu mwingine, na nitajitahidi nisimsahihishe.

Nimenunua tufe, ukubwa wa lile la kabatini, kwenye duka la vitu vya watoto. Nimeubana ule uzi hapa nilipo na hapo ulipo, nikauvuta ukazane. Haukufika kwa kidole kimoja. Nimeongeza kipande.

Ninakuja kwa uzi, Baba, siji kwa rula. Mwambie Shangazi asifunge mlango.

Mwanao,
Barafu